Wageni Niliowarudisha kwa Ajili ya Chunusi

Naikumbuka Jumamosi moja kule mtaa wa Woodley, Nairobi, nyumbani kwa shangazi yangu Fanisi, siku ambayo chapati zilipikwa za kulisha ukoo mzima na hakuna mgeni aliyekuja kuzila. Kuku walikuwa wameshachinjwa, na firigisi zimewekwa kando kwenye kibakuli zikingojea wazee. Viti vya kuazima kanisani vilikuwa vimepangwa uani. Mama yangu, aliyesafiri usiku kucha na basi kutoka Vihiga, alikuwa ameketi kwenye kimojawapo na kitambaa kipya kichwani, akitazama geti. Mimi nilikuwa chumbani nimelala kifudifudi, uso nimeufunika kwa leso. Mwanangu, mimi ndiye niliyewaambia wageni wasije, na wale waliokuwa wakipika walikuwa hawajui.

Nitakusimulia, lakini polepole. Nimechoka, sikufichi. Nimechoka kwa umri, na nimechoka zaidi kwa kuwaona wasichana wa hapa Kangemi wakipita mlangoni pangu na nyuso zilizoungua, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza. Kuishi kwingi ni kuona mengi, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mengine utayaona yale yale mpaka uchoke kuyaangalia.

Wakati huo nilikuwa nimeshapita miaka thelathini. Nilifanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya bima mjini, ghorofa ya kwanza, na mtu akifungua mlango uso wa kwanza kuuona ulikuwa wangu. Uso huo ulikuwa na chunusi. Cha ajabu ni kwamba shuleni sikuwa nazo. Wenzangu walipokuwa wakifinyana vipele bwenini mimi nilikuwa laini, nikawacheka, tena nikawacheka sana. Kumbe zangu zilikuwa zinanisubiri ukubwani. Zilikuja kidevuni na kwenye taya, siku za mwezi zikikaribia, ngumu, zinauma hata kwa kulaliwa na mto. Zikiondoka ziliacha alama nyeusi. Chunusi ni mgeni wa wiki, mwanangu, lakini alama ni mpangaji asiyetaka kuhama.

Na Nairobi kila mtu ni daktari wa uso wa mwenzake. Mama mboga aliniambia niache maparachichi. Askari wa mlangoni pale kazini akasema hiyo ni damu chafu, ninywe mwarobaini, nami nikaunywa mpaka ulimi ukafa ganzi. Akina mama wa kanisani walinitazama, wakatazamana, wakasema, "Huyu aolewe tu, zitaisha zenyewe." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, maana lilisemwa kwa kicheko, na mtu aliyechekewa hana pa kujibu.

Tena kulikuwa na kosa letu wenyewe, sisi tuliotoka magharibi, na nalisema bila kumsengenya mtu. Kwetu mtoto akitoka nje amepauka, aibu ni ya mama yake. Kwa hiyo mama yangu alitupaka mafuta ya jeli kila asubuhi, uso mzima mpaka kwenye kope, ametushika kidevu ili tusikwepe. Tulifika shule tunang'aa, na vumbi lote la njiani limetuganda. Lilikuwa pendo lile, silikejeli. Lakini mimi nilikuja nalo mjini, mtu mzima mwenye mshahara, na kopo langu la jeli mkobani. Kila asubuhi nasugua uso kwa sabuni ya kufulia mpaka ulie, kisha naufukia kwa jeli, kisha natia poda juu yake, kisha nakaa kwenye kiti cha mapokezi nikishangaa kwa nini chunusi haziishi. Kuvunja desturi ya mama si kazi rahisi hata kama desturi yenyewe inakuziba vinyweleo.

Basi katika hali hiyo ndipo alipokuja Elam. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda chake karibu na soko hapa Kangemi, akitengeneza mageti na madirisha. Mtu wa maneno machache. Mikono yake ilijaa vidoa vyeusi vya cheche, kuanzia kwenye kiganja mpaka juu ya kiwiko, na hakuwa na habari navyo. Alinipenda nikiwa na chunusi zangu hizo hizo, kidevuni, hadharani, jua linawaka. Ungedhani hilo lingenitosha.

Tulipokubaliana, ikabidi watu wake waje kujijulisha. Kwa kuwa Vihiga ni mbali, ikaamuliwa waje kwa Shangazi Fanisi, ndugu ya baba yangu, ambaye marehemu mumewe alikuwa karani wa halmashauri ya jiji na walikuwa na nyumba Woodley. Sasa sikiliza desturi yetu. Wageni wa namna hiyo wana heshima yao. Ukiwaahirisha mara moja, watauliza kuna nini, nawe utoe sababu. Ukiwaahirisha mara ya pili na hakuna msiba, hawaulizi tena. Wameshajibiwa. Nililijua hilo tangu utotoni kama ninavyojua jina langu, Jerida.

Na siku hiyo msichana hutoka na chai, akasalimia mmoja mmoja, na mashangazi wa mwanamume humtazama. Hawatazami kwa pupa. Wanatazama wakiwa wanapuliza chai. Nikaanza kuwaza macho yale juu ya kidevu changu. Niliwaza ofisini, niliwaza kanisani, na siku zikawa zinasogea.

Saa ya chakula cha mchana nikaenda katika jengo moja la mjini, lile la viduka vidogo vya vioo tunavyoviita eksibisheni. Kulikuwa na dada aliyekuwa akiuza krimu za kuchanganya. Aliushika uso wangu, akaugeuza huku na huku.

"Hii ni kitu kidogo sana, mrembo," akasema. "Nakuchanganyia yangu. Unapaka asubuhi na jioni, na usiniulize ndani nimeweka nini."

"Haina madhara?"

"Madhara gani? Si uniangalie mimi?"

Nikamwangalia. Uso wake ulikuwa mweupe wa kung'aa, lakini viungo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi tititi, kana kwamba mikono ile ni ya mtu mwingine. Niliviona vile vidole, mwanangu. Akili yangu ilivisoma vizuri kabisa. Nikalipa hata hivyo, nikatia kopo mkobani, nikarudi kazini nikitembea haraka.

Na ilifanya kazi. Hapo ndipo penye ubaya wake, kwamba hufanya kazi. Wiki haikwisha, chunusi zikanywea, alama zikafifia, ngozi ikawa nyororo. Bosi akasema nimependeza. Wale akina mama wa kanisani wakaniuliza napaka nini. Mama akapata habari huko nyumbani, akapiga simu ya jirani kunipongeza kwamba nasikia umeng'aa. Elam peke yake ndiye aliyenitazama kwa muda mrefu, akafuta mikono kwa kitambaa chake.

"Uso umekuwaje?" akauliza.

"Umependa?"

"Iko sawa. Lakini hata ile ingine ilikuwa sawa."

Mwanamume atajua nini, nikajisemea. Nikaendelea kupaka.

Sikusema kwa mtu kwamba jua la mchana lilikuwa limeanza kuniunguza usoni kama mvuke wa sufuria. Sikusema kwamba vijinywele vilikuwa vinaota mashavuni, wala kwamba nikikosa kupaka asubuhi moja tu uso unawasha mpaka jioni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilikuwa nao ule uzuri, na nilikuwa na hofu nao usiku na mchana.

Kisha kopo likaisha. Wageni walikuwa wamebakiza siku chache kuja. Nikaenda eksibisheni, nikakuta kile kiduka kinauza viatu vya watoto. Yule dada alikuwa amehama na hakuna aliyejua alikokwenda. Nikarudi nyumbani nikijipa moyo kwamba ngozi imeshapona, haihitaji tena. Ilipofika siku ya tatu bila krimu, uso wote ulilipuka. Vipele vyekundu vyenye vichwa vya usaha vikasongamana mashavuni na kuizunguka midomo, hata mahali ambapo maisha yangu yote hapakuwahi kuwa na chunusi moja. Hata kucheka kuliuma, ijapokuwa sikuwa na la kunichekesha.

Nikamwambia Elam mama anaumwa, hatuwezi kupokea wageni. Nilimsingizia mama yangu ugonjwa. Akasikitika, akauliza kama ametumiwa dawa, akaenda kuwaambia wazee wake, nao wakatupa siku nyingine mwezi uliofuata.

Huo mwezi niliutumia vibaya. Badala ya kwenda hospitali nilitafuta muuzaji mwingine, katika barabara nyingine, nikamweleza harufu ya krimu ya kwanza, naye akanichanganyia ya kukisia. Ikanituliza kidogo, ikanigeuka. Nikajazia na ndimu. Nikajazia na dawa ya meno, kwa sababu mtu alisema inakausha. Nikakamua kwa kucha kila nilichoweza kukamua. Ijumaa ya kuamkia siku yenyewe nilijitazama kwenye kioo, nikaona mtu nisiyemjua, mwenye mabaka meusi na mekundu, ngozi imechunika puani. Jioni ile nikampigia Elam.

"Kesho haiwezekani," nikamwambia.

"Mama tena?"

"Hapana. Ni mimi. Sijisikii."

"Jeri, wazee wameshafika. Wametoka Bungoma jana. Wako hapa kwangu, wamekaa."

"Waambie siku nyingine."

"Siku gani?"

Sikuwa na siku. Nikasema nitampigia. Akasema sawa, sauti yake ya kawaida tu, na simu ikakatika. Na mimi, mwanangu, nilihisi nafuu. Nililala usingizi mzuri. Nafuu ile ndiyo inayonichosha mpaka leo nikiikumbuka, zaidi ya machozi yote yaliyokuja baadaye.

Mama alikuwa tayari barabarani anakuja. Sikumwambia, wala shangazi. Asubuhi nikafika Woodley nimejitanda leso, nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia chumbani. Nikawasikia wakisukuma chapati. Nikamsikia mama akiuliza kama sukari inatosha kwa wageni wote wale. Saa zikapita, chai ikachemshwa ikapoa ikachemshwa tena. Sikuwa na ujasiri wa kutoka wala wa kusema.

Alasiri Shangazi Fanisi akaingia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyepaza sauti hata akiwa na hasira. Ukiona anaongea polepole zaidi ndipo ujue umekwisha. Akavuta pazia. Akaitoa leso usoni pangu kama anavyofunua mtoto mgonjwa, akatazama.

"Nani amekuchoma?"

"Ni krimu, shangazi."

"Na wageni wako wapi?"

"Nimewaambia wasije."

Akakaa kitandani. "Umewaambia wewe," akasema. "Na mama yako hapo nje bado ananyoosha kitambaa kila geti ikilia. Kwa sababu ya hii?"

"Wangeniona, shangazi."

"Si ndiyo walikuwa wanakuja kufanya? Kuona?" Akanigeuza kidevu kwenye mwanga. "Huyo kijana mikono yake imejaa alama za moto. Umewahi kumwambia aifiche ndio aingie kwako?"

"Hapana."

"Basi ni nani alikuambia yeye aruhusiwe kuwa na alama na wewe usiruhusiwe?"

Jibu la swali hilo nalitafuta mpaka leo.

"Uso ukiugua unapelekwa hospitali," akasema akisimama. "Hauzikwi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeficha kipele, kikazaa hii yote." Akatoka kwenda kumwambia mama.

Nilisubiri kusikia kilio, sikusikia. Nilisikia sauti ya mama, iliyochoka, ikisema, "Basi waiteni majirani. Chakula kisilale." Watu wakaja, wakala, wakashukuru, wakaombea waliopika. Firigisi za wazee zilimwendea jirani mmoja ambaye hata hakujua ni karamu ya nini.

Baadaye mama akaingia, akanitazama bila kunigombeza. Akafungua mkoba wake, akatoa kopo lake la jeli.

"Umepauka, mwanangu," akasema. "Ngoja nikupake kidogo."

Nilijua itaniunguza. Nilijua sasa kwamba haifai. Nikamwachia. Akanishika kidevu kama zamani, akanipaka kwa vidole vilivyokuwa bado na harufu ya unga, na iliniunguza kweli, nami nikanyamaza. Alikuwa amesafiri usiku kucha kuja kunioza, na lile lilikuwa ndilo jambo pekee lililobaki mikononi mwake la kunifanyia.

Jumatatu shangazi akanishika mkono mpaka kliniki ya ngozi. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, aliyelinusa kopo langu kabla sijamaliza kueleza. Akaniambia ndani yake kuna dawa kali ambayo daktari humpa mgonjwa kwa muda mfupi, mahali padogo, na mimi nilikuwa nimeipaka uso mzima asubuhi na jioni kama mafuta. Ngozi imekonda, akasema, na imeizoea, ndiyo maana inapiga kelele ikinyimwa. Sikuambiwa niitupe siku hiyo hiyo. Alinipunguzia kidogo kidogo, akiniona kila baada ya muda, kwa sababu kuiacha ghafla kungenirudisha palepale. Halafu akanipa dawa ya chunusi yenyewe, niipake usiku kiasi cha punje ya dengu. "Na usiniulize kitu kwa miezi mitatu," akasema. "Ngozi haina haraka kama nyinyi."

Kabla ya miezi hiyo kwisha nilikwenda kwa Elam. Nilikwenda mchana, uso wazi, mabaka yote yakionekana, kwa sababu maneno ya shangazi yalikuwa hayanipi usingizi. Nilimkuta kibandani anapima chuma. Alinitazama usoni, akaweka chuma chini. Nikamweleza kila kitu, hata uongo wa ugonjwa wa mama.

"Wazee walirudi nyumbani," akasema nilipomaliza. "Baba alisema mara mbili inatosha. Alisema nyumba yenu imejibu."

"Lakini ilikuwa ni uso tu, Elam."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

"Ningekuja," akasema.

Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningepata pa kushika, ningebembeleza, ningelia. Ilikuwa ni mtu aliyeaibishwa mbele ya baba yake mara mbili, na maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka uliofuata akaoa. Siku hizi anakaa mtaa wa Mountain View, ana mvi, tukikutana tunasalimiana vizuri na kuulizana hali za watoto. Mimi pia niliolewa baadaye, na mtu mwema, Mungu amlaze pema. Sikuishi maisha ya huzuni, usinionee huruma. Lakini nilipita njia ndefu sana kufika pale, na mama yangu hakuishi kuiona harusi yangu. Yeye alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha harusi ile nyingine, akanyoosha kitambaa, akangoja.

Uso ulipona. Nikwambie hilo usije ukadhani haiwezekani. Ulichukua zaidi ya mwaka. Chunusi ziliisha kwanza, alama zikafuata kwa kuburuta miguu, zikififia pole pole hata sikuona siku zilipoondoka. Bandu bandu huisha gogo. Bado hadi leo nina doa moja chini ya mdomo ambalo tumezoeana.

Nimewasimulia wengi habari hii. Juzi tu binti anayepanga jirani yangu, anayefanya kazi mjini, alikuja kuomba chumvi akiwa amevaa barakoa, na hakuna ugonjwa wowote. Nikamwambia aivue. Amepaka vitu sita vya kutoka mtandaoni, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kinaahidi uso wa kioo. Nikamweleza yote haya. "Sawa mathe," akasema, "lakini yangu ni organiki." Akaenda na chumvi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nimekuwa nikiyahesabu maguu na sijaona furaha ndani yake. Ningependa usikie wewe.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, na uvumilie marudio ya mzee. Chunusi za ukubwani si uchafu, si laana, si njaa ya mume, na asikwambie mtu vinginevyo. Nyingi huenda na mwezi wa mwili, na nyingine tunazilisha wenyewe. Uoshe uso asubuhi na jioni kwa sabuni ya upole, kwa vidole vyako, usiusugue kana kwamba unasugua sufuria. Mafuta mazito waachie visigino. Uso nao unahitaji mafuta, ila yawe mepesi, yale yanayoandikwa kwamba hayazibi ngozi, na mama yako akisema umepauka mkumbatie, usibishane naye. Mafuta ya nywele yasiteremke kwenye paji. Foronya ya mto uifue, hata kama maji ya mtaa yametoka siku mbili tu wiki hiyo. Na mkono wako, huo unaopanda kidevuni ukiwa na mawazo, ukataze, maana kila unachokamua leo utakitazama kwenye kioo mwezi ujao kikiwa cheusi. Alama hizo jua huziongeza. Ukitoka paka krimu ya kukinga jua, na usiniambie sisi weusi hatuihitaji. Mimi nilisema hivyo pia. Dawa uliyopewa uipe miezi, wala usianze sita kwa mpigo, anza moja. Kinachotibu kwa wiki moja na hakina jina kwenye kopo, kiache hapo hapo kibandani. Na kama umeshaanza kukitumia, usikiache gizani peke yako, nenda kwa daktari akupunguzie kidogo kidogo. Lala. Kula mboga, punguza soda na vitamu kama unaona vinakuchokoza. Zikizidi, zikiuma, zikiacha mashimo, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, na kliniki ipo.

Hayo ni ya ngozi, na yatakuchosha kidogo tu. La pili ni moja. Usiwafiche uso wako watu wanaokupenda. Kama kuna sherehe, nenda. Kama kuna mtu anakuja kukuona, akuone. Mficha uchi hazai, na mimi nimejifunza kwamba mficha uso naye hufungia nje hata yule aliyekuwa hana neno na uso huo.

Mungu akujalie ngozi yenye afya, mwanangu, na siku zote akupe mkono mwororo wa kuitunza. Akichelewa kukupa hiyo, kwa sababu Mungu naye hana haraka, basi akupe kifua cha kusimama mlangoni ukiwa na alama zako zote. Na wakija watu wako, uwafungulie.